Nani Anahesabu Matone?

Leo naomba tuingie leba. Akina baba msibadilishe stesheni, maana mara nyingi ni nyinyi mnaosimama mlangoni mkiuliza mbona mke wangu hajachomwa sindano ya uchungu.

Kwenye trei ya mkunga kuna ampuli, kichupa cha kioo chembamba kuliko kidole. Ndani yake mna mililita moja ya maji maangavu, na ubavuni pameandikwa oksitosini, uniti 10. Mtoto akishatoka, ampuli hiyo huvunjwa shingo, dawa yote ikavutwa kwenye bomba la sindano na kuchomwa paja la mama kwa mara moja. Mfuko wa uzazi unakaza, damu inazuilika. Katika sindano zote za wodi ya wazazi, hiyo ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Lakini ichomwe vivyo hivyo nusu saa kabla, mtoto akiwa bado ndani, na mkunga huyohuyo anaweza kumpoteza mtoto, na mama pia. Ampuli ni ileile, trei ileile, pengine mkono uleule. Kilichobadilika ni saa, kipimo na njia ya kuitoa.

Kule Marekani iko taasisi inayofuatilia usalama wa matumizi ya dawa, ISMP. Mwaka 2007 iliiingiza oksitosini ya mshipani katika orodha yake ya dawa za tahadhari kubwa, iliko insulini na kloridi ya potasiamu. Dawa haingii humo kwa sababu watu wanaikosea kila siku. Inaingia kwa sababu siku ikikosewa, anayelipa ni mgonjwa, na analipa kwa uhai.

Oksitosini yenyewe si ngeni mwilini. Mama mwenye uchungu anaitoa mwenyewe, kutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aligundua kwamba maji yaliyokamuliwa sehemu ya nyuma ya tezi hiyo yanaukaza mfuko wa uzazi wa paka. Haikupita miaka mingi madaktari wakaanza kuwachoma kinamama maji hayo, yaliyotolewa kwenye tezi za ng'ombe. Walichoma kwa kukisia. Nguvu ya dawa leo ilikuwa hivi, kesho vile, na mifuko ya uzazi ilipasuka. Ilipofika mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud akaweza kuiunda maabara, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Tangu hapo nguvu ya dawa inajulikana kabla haijatoka kwenye boksi. Kwa hiyo leo madhara yanapotokea, mara nyingi chanzo chake kiko hapohapo kitandani, ukiacha habari ya joto, ambayo nitaifikia.

Sasa kwa nini dawa ambayo mwili unaitengeneza wenyewe iwe na hatari? Uchungu haudhuru mtoto kwa kuwa unauma. Mfuko wa uzazi unapokaza, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma inabanwa, na kwa muda huo hewa ya mtoto inapungua. Mkazo ukiachia, damu inarudi. Mtoto ni kama mzamiaji wa pweza: anakwenda chini, anapanda kuvuta pumzi, anashuka tena. Mikazo mitatu au minne ndani ya dakika 10, kila mmoja wa sekunde arobaini na kitu, inamwachia nafasi ya kupumua. Ikizidi mitano, au mkazo mmoja ukang'ang'ania bila kuachia, anakosa ule muda wa juu. Dripu ya oksitosini, inayotundikwa kuongeza uchungu, inaweza kumfikisha hapo hata kama mama alianza vizuri kabisa, tena mama mwenyewe asijue, maana kwake yote ni uchungu tu.

Tuje kwenye matone, kwa sababu hapa ndipo kazi ya muuguzi ilipo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, unaanza na uniti 2.5 katika mililita 500 za maji ya dripu. Uniti 2.5 ni robo ya ile ampuli ya uniti 10. Robo ya mililita moja! Huwezi kuipima kwa bomba kubwa la mililita 10 kwa kuangalia tu. Unahitaji bomba dogo la mililita moja, na taa ya kutosha. Tena kuna ampuli za uniti 5, na zikiwa kwenye kikombe kimoja na zile za 10 si rahisi kuzitofautisha saa nane za usiku. Aliyezoea kuchota nusu ya ampuli ya uniti 5 akishika ya 10 bila kusoma, mama amepewa maradufu kabla dripu haijaanza kudondoka. Ndiyo maana wakunga wazuri husoma ampuli kwa sauti, na mwenzao akisikia asione anachekeshwa. Kisha mfuko wa maji hubandikwa plasta na kuandikwa jina la dawa, kiasi chake, saa na sahihi. Mfuko usioandikwa unafanana na mfuko wowote wa maji wodini. Atapita mtu mwenye nia njema, aone mama amekaukiwa midomo, aufungulie.

Dripu ikishatundikwa, inaanza kwa matone 10 kwa dakika. Unasimama, unaishika saa yenye mshale wa sekunde, unatazama kile kichemba cha plastiki na kuhesabu: moja, mbili, tatu. Matone 10 kwa dakika yanaonekana machache mno. Kati ya tone na tone unaweza kusema sentensi nzima. Ndiyo yanayotakiwa. Baada ya nusu saa, kama mikazo haijafika ilipotakiwa, yanaongezwa 10 mengine, na hivyo hivyo kila nusu saa, hadi mikazo ikae sawa, na kikomo ni matone 60. Mikazo ikishakuwa mizuri huongezi tena. Unaacha hapohapo.

Nusu saa hiyo ina sababu. Oksitosini haikai kwenye damu. Ndani ya dakika chache nusu yake imekwisha kuondoka. Lakini kiwango kipya unachokiweka sasa hakifiki kilele papo hapo, kinachukua kama dakika 40 kutulia. Mkunga mwenye haraka anaongeza saa sita na robo, haoni badiliko, anaongeza saa sita na nusu, haoni, anaongeza tena, kisha saa saba kasoro vyote vinamfikia mama kwa pamoja.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vinalitaja kwa mstari mmoja na wodini linasumbua kila zamu: mpira wa dripu. Mwongozo unahesabu kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita. Stoo ikileta mpira wa matone makubwa, yale 15 kwa mililita, basi matone 10 uliyoyahesabu kwa uaminifu mkubwa yamebeba dawa theluthi moja zaidi. Ukiletewa ule wa watoto, wenye matone 60 kwa mililita, mama anapata theluthi tu ya kipimo na utashangaa mbona dripu haifanyi kazi. Idadi imeandikwa kwenye pakiti, nayo pakiti huchanwa na kutupwa kabla mtu hajaisoma. Na hata ukiweka matone yako sawasawa, mama akigeuka, akikunja mkono, akienda haja, hesabu inabadilika. Hospitali zenye pampu ya kielektroniki zimeepuka mengi ya haya. Kwingine kote pampu ni jicho la muuguzi.

Ndipo swali langu la leo linapokuja. Jicho la nani?

WHO katika mwongozo wake haikuuma maneno: mama anayepewa oksitosini ya kuongeza uchungu asiachwe peke yake. Kila nusu saa mapigo ya mtoto yasikilizwe, tena mara tu mkazo unapoachia, kwa sababu hapo ndipo mtoto aliyechoka anapojionyesha. Mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Mikazo ihesabiwe kwa kuweka kiganja juu ya tumbo kwa dakika 10 kamili, mkono ukiwa umetulia, si kwa kumwuliza mama "uchungu unakuja?" Mapigo ya mama na presha yake vipimwe, na mkojo uangaliwe pia, maana oksitosini inazuia maji kutoka mwilini, na mama aliyemiminiwa dripu nyingi za glukosi kwa saa nyingi anaweza kuanza kuumwa kichwa, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Sasa zidisha kazi hiyo kwa wanawake watano, wote wakiwa kwenye uchungu, mkunga mmoja. Hesabu inakataa.

Tunao mfano hapa nyumbani, na ninaupenda kwa sababu haukuja na mashine. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ilipokea zaidi ya vizazi 10,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 2010, na wakunga wake walijua maana ya kubanwa na kazi. Kuanzia mwaka 2014 watafiti na wahudumu wa pale, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, waliendesha mradi ulioitwa PartoMa. Walikaa na wakunga na madaktari wenyewe, wakaandika kijitabu cha mfukoni kinachosema nini kinawezekana katika leba yenye watu wachache na vifaa vichache, halafu wakawa wanakutana kwa mafunzo mafupi ya mara kwa mara. Kijitabu hakikuagiza mambo ya Ulaya. Kiliuliza: ukiwa na mikono hii uliyonayo, uanze na nini?

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila vizazi 1,000. Katika rekodi walizozichunguza, matumizi ya oksitosini ya kuongeza uchungu yalishuka kutoka asilimia 22 hadi 12, na muda uliopita tangu mapigo ya mtoto yasikilizwe mara ya mwisho hadi kuzaliwa ulifupika kutoka dakika 120 hadi 74. Sidai kwamba ni dripu pekee iliyopunguza vifo. Mambo mengi yalibadilika kwa pamoja, na utafiti wa namna hiyo, wa kulinganisha kabla na baada, hauwezi kuyatenganisha. Lakini naomba uzitazame zile namba mbili za mwisho zikiwa bega kwa bega. Dripu zilipungua karibu nusu, masikio yakaongezeka, na watoto wengi zaidi wakatoka hai. Kwa miaka mingi tuliambiana kwamba tatizo la leba zetu ni kukosa dawa. Mnazi Mmoja walionyesha kwamba dawa ikipungua, kinamama wakasikilizwa zaidi, hakuna kilichoharibika. Kazi hiyo baadaye ilivuka bahari ikaingia katika hospitali tano za Dar es Salaam.

Kwa nini tulikuwa tunatundika dripu nyingi hivyo? Sehemu ya jibu iko kwenye karatasi. Mwaka 1954 Emanuel Friedman wa Marekani alichora mwendo wa njia ya uzazi inavyofunguka, na mwaka 1972 Hugh Philpott na William Castle, wakifanya kazi Harare, mji ambao enzi hizo ulikuwa ukiitwa Salisbury, wakaongeza mistari ya tahadhari, ikawa ndiyo patografu tuliyofundishwa sote: sentimita moja kwa saa, ukichelewa umevuka mstari. Patografu iliokoa wanawake waliokuwa wakiachwa na uchungu siku mbili tatu, sitaki kuidharau. Ila mwaka 2018 WHO ilisema wazi kwamba wanawake wengi wenye afya hawafunguki kwa mwendo huo na wanazaa salama, kwamba uchungu wenyewe hasa uhesabiwe kuanzia sentimita 5, na kwamba sentimita moja kwa saa isiwe sababu ya kuingilia kati. Mwaka 2020 ikatoa chati mpya ya kufuatilia uchungu. Kwenye wodi nyingi bado tunachora kwa kalamu ya zamani. Mwanamke wa sentimita 4 anaonekana amechelewa, kumbe hata hajaanza.

Mchukue huyu. Ni saa nane za usiku, uzazi wa kwanza, njia sentimita 4 tangu saa nne. Mama mkwe amesimama mlangoni, kanga mbili mkononi.

"Sista, samahani mwanangu. Huyu tumemleta tangu magharibi. Hamna dawa ya kumsaidia?"

"Ipo, mama. Bado hajaihitaji."

"Mbona mwenzake wa kitanda kile kaja nyuma yake na keshazaa?"

"Yule ni uzazi wa nne, mama. Huyu ndiyo kwanza njia inajifungua. Mtoto nimemsikiliza sasa hivi, hajachoka. Mpe chai ya maziwa, na mtembeze hapo ukumbini."

Mama mkwe haondoki. "Mimi nilichomwa sindano moja tu nikazaa."

Mkunga anaacha kuandika. "Mama, nikuulize. Kuna chochote amekunywa nyumbani? Sikugombezi. Nataka kujua tu ili nisimdhuru."

Kimya kidogo. "Nilimpa kikombe kimoja. Cha mizizi."

Swali hilo la mwisho ni sehemu ya usalama wa dawa kama ilivyo saa ya mshale. Zipo dawa za miti, na zinajulikana katika kila pembe ya nchi, ambazo kinamama wanapewa ili uchungu uongezeke, na baadhi yake zinaukaza mfuko wa uzazi kwelikweli. Hakuna anayejua kikombe kile kilikuwa na nguvu kiasi gani. Ukitundika dripu juu yake, unajumlisha namba unayoijua na namba usiyoijua. Muuguzi aliyezoea kufoka hataambiwa. Atagundua pale tumbo litakapokuwa gumu kama ubao. Aliyeuliza kwa upole atasubiri, atasikiliza mapigo mara nyingi zaidi, na ataiweka ile ampuli mbali.

Kabla ya dripu kuna maswali mengine yanayotakiwa kujibiwa mkono ukiwa juu ya tumbo la mama, siyo kwenye faili tu. La kwanza kwangu ni hili: uchungu umelegea, au umekwama? Uchungu uliolegea ni mikazo michache, mifupi, mtoto amelala vizuri na nafasi ipo. Huyo dripu itamsaidia. Uchungu uliokwama ni mikazo yenye nguvu inayogonga mlango usiopitika: mtoto amelala kingamo, au kichwa kikubwa kuliko nyonga, kichwa kimeanza kuvimba na mifupa yake kupandana. Huyo ukimwongezea oksitosini unausukuma mfuko wa uzazi upasuke. Mwenye kovu la upasuaji kwenye mfuko wa uzazi, na aliyekwisha kuzaa mara nyingi, watano na kuendelea, hao ukuta wao unaweza kuachia kwa nguvu ambayo mzazi wa kwanza angeihimili. Hawatundikiwi dripu na muuguzi peke yake usiku. Daktari aje amwone mama, na chumba cha upasuaji kiwe karibu. Kituo cha afya kisicho na upasuaji hakina sababu ya kuanzisha kitu ambacho hakiwezi kukimaliza.

Na kuna vitu vidogo vinavyosahaulika. Kibofu kilichojaa kinazuia kichwa kushuka. Mama akojoe kwanza. Mwenye njaa na kiu, misuli yake imechoka. Chupa ya uzazi ikiwa haijapasuka na uchungu umeshakolea, kuipasua kwa utaratibu kunaweza kutosha. Nimeona dripu ngapi zikitundikwa kwa mwanamke ambaye dawa yake ilikuwa uji na choo? Nyingi.

Misoprostoli nayo niiguse kwa ufupi, kwa kuwa wengi wanaichanganya na hii. Hutumika kuanzisha uchungu ambao haujaanza, na kipimo chake ni maikrogramu 25 tu. Kidonge kinachopatikana kwa urahisi ni cha 200. Kukikata kwa wembe vipande nane ni bahati nasibu. WHO inashauri kiyeyushwe katika mililita 200 za maji safi, mama anywe mililita 25. Na dripu ya oksitosini haifuatii papo hapo. Lazima saa kadhaa zipite.

Tuseme mambo yameharibika. Mikazo sita ndani ya dakika 10, mapigo ya mtoto yameshuka hadi 90 na hayapandi mkazo unapoachia. Muuguzi afanye nini kwanza? Afunge dripu. Asimtafute daktari kwanza, asipige simu, asiandike. Afunge kile kigurudumu cha kwenye mpira, amlaze mama ubavu wa kushoto, aite msaada kwa sauti, ndipo mengine yafuate, pamoja na dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi kama ipo. Uzuri wa oksitosini, na ni uzuri wa kweli, ni kwamba inaondoka haraka. Ukiifunga mapema, mara nyingi ndani ya dakika chache tumbo linalegea na mtoto anarudi. Hapa nina neno na wakubwa wa wodi. Katika baadhi ya hospitali zetu muuguzi anaogopa kufunga dripu iliyoandikwa na daktari. Atamtafuta daktari yuko wapi, yuko tiata, ngoja amalize. Dakika 15 zimepita. Kufunga dripu ya uchungu kusihitaji ruhusa ya mtu yeyote, hata kama aliyefunga ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili. Aliyefunga bila sababu amempotezea mama nusu saa. Yule aliyesubiri ruhusa hana namna ya kurudisha alichokipoteza.

Nilisema nitafika kwenye joto. Oksitosini inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye stoo ya mabati au kwenye droo ya leba ya pwani, nguvu inapungua polepole bila kubadili rangi wala harufu. Mwaka 2019 WHO, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja wakitaka isafirishwe na kuhifadhiwa kwa baridi, ikiwezekana pamoja na chanjo, ambazo tayari zina mnyororo wake. Ubaya wa dawa iliyochoka una sura mbili. Mama anayetoka damu baada ya kuzaa anachomwa maji tupu. Na mama wa dripu anaongezwa matone hadi 60 bila badiliko, kisha mfuko unaofuata unatoka kwenye boksi jipya lililotoka kwenye friji, na mkunga anaanza pale alipoishia. Friji la leba liwe la dawa. Soda za wafanyakazi na vyombo vya chakula vitafutiwe pengine, kwa sababu friji linalofunguliwa kila dakika tano halina baridi.

Kuna dawa nyingine, karbetosini isiyoharibiwa na joto. Utafiti uliotolewa mwaka 2018, wenye karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kuwa inazuia damu baada ya kuzaa sawa na oksitosini. Kwa vituo visivyo na umeme wa uhakika ni habari njema. Lakini inakaa mwilini muda mrefu, na huwezi kuizima kama dripu. Ni ya baada ya mtoto kutoka, basi. Isikae trei moja na dawa za kabla.

Sasa wale mnaosimamia hospitali. Mkiniuliza nianzie wapi, sitaomba pampu. Nitaomba sheria moja ibandikwe leba: kama hakuna wa kukaa na mama, dripu ya uchungu isitundikwe. Itawalazimu muamue mambo magumu, nani atapewa rufaa, nani atasubiri, zamu ya usiku iongezwe watu wangapi, na ndiyo maana naipenda. Leo uamuzi huo anaachiwa mkunga mmoja saa nane za usiku, halafu asubuhi anaulizwa mbona patografu haijajazwa.

Na wewe uliye na ndugu leba, usiulize sindano. Uliza mapigo ya mtoto yamesikilizwa saa ngapi, na yalikuwa mangapi. Uliza kwa adabu, mkunga naye ni binadamu na pengine hajakaa tangu jioni. Ukiruhusiwa kukaa kando ya mgonjwa wako na ukaona ile dripu inamwagika mfululizo badala ya kudondoka, usiiguse wewe. Ita, tena ita kwa sauti.

Wasaa wangu umekwisha, msikilizaji. Baada ya taarifa ya habari, simu zitakuwa wazi, na mkunga wa zamu ya mchana amekubali kukaa nami studio kujibu maswali yenu.